Kadi ya Dafrosa

Octavian Masolwa alipenda kusimama mbele ya watu. Kila parokia ina mtu wa namna hiyo, na bila yeye mambo mengi yasingefanyika, kwa hiyo tusiwe wepesi wa kumcheka. Siku za kazi alikuwa fundi baiskeli pale Gongoni, mjini Tabora, akifanyia kazi barazani kwake, mikono imejaa grisi na mdomo umejaa maneno. Jumapili alivaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa, akawa katibu wa parokia na msoma matangazo. Tangazo la dakika mbili kwake lilichukua kumi. Hata akitangaza usafi wa uwanja wa kanisa, lazima awataje wapagazi, Wanyamwezi wa zamani waliobeba mizigo kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani.

"Babu yake babu yangu alibeba pembe ya ndovu begani," angesema kwenye maikrofoni. "Akapita Tura, akapita Ugogo, akaiona bahari. Na wewe unashindwa kubeba ufagio?"

Watu walicheka, na uwanja ukafagiliwa. Kwa hilo apewe haki yake.

Ndiye pia aliyewaleta watu wa damu salama parokiani. Alisikia kwamba akina mama wanajifungua na damu ya kuwaongezea hakuna, akasimama mbele, akasema mpaka jasho likamtoka, na Jumamosi iliyofuata hema likapigwa uwanjani na watu arobaini na kitu wakajitokeza. Yeye mwenyewe siku ile hakutoa. Walimpima presha, ikawa juu. Wakampumzisha, wakampima tena, ikawa juu zaidi. Wakamwambia arudi safari nyingine. Ukweli ni kwamba Octavian aliogopa sindano kuliko alivyowahi kuogopa nyoka, na presha ilipanda kila alipoitazama. Hakumwambia mtu.

Hapo angeishia, tusingekuwa na la kusimulia. Lakini alikuwa na wazo jingine. Kila aliyetoa damu, ikapimwa na kuonekana salama, alipewa kadi ndogo yenye alama ya tone jekundu, ambayo alikwenda kuichukua mwenyewe kwenye kituo cha damu. Octavian aliona ni hasara kadi hizo zikae mifukoni. Akabuni Jumapili ya Kadi: baada ya matangazo, kila mwenye kadi aje mbele, aiinue juu, kwaya iimbe, waumini wapige makofi. Paroko, mtu mpole mwenye vigango saba, makanisa madogo ya vijijini, vya kuhangaikia, akasema sawa.

Nia ilikuwa njema. Ila watu walitoa damu mchana kweupe, kila aliyeingia hemani alionekana, na kila aliyebaki amekaa siku ya kadi alionekana pia. Aliyebaki siku ile ni Koleta, mjane kutoka Bukene aliyeuza mboga za majani. Macho yakamgeukia. Octavian akaona kimya kimezidi, na kwa kuwa hakuweza kuvumilia kimya, akasema kwenye maikrofoni: "Na wenzetu ambao hawakupata kadi, tuwaombee."

Watu wakaitikia amina. Kuanzia wiki ile mchicha wa Koleta ulilala mpaka ukanyauka. Wanawake walipita kwa mbali wakijifanya wana haraka. Kanisani alihamia benchi la mwisho, karibu na mlango. Octavian alipoambiwa, alitikisa kichwa akasema lisemwalo lipo, akaendelea kukaza spoki.

Baada ya miezi minane hema likarudi. Safari hii Valentino, mwalimu wa kwaya, alimtania mbele ya wanakwaya wote: "Katibu wetu ni kengele. Inawaita watu ndani, yenyewe inaning'inia nje." Kwa hilo Octavian akaingia hemani, akafumba macho, presha ikakaa sawa, akatoa damu. Mkewe, Dafrosa, aliyekuwa akiuza uji hapo hapo barazani kwao, alitoa vilevile, bila kelele, akarudi kwenye ndoo yake.

Wiki tatu baadaye walikwenda kituoni pamoja kuchukua kadi. Dafrosa alipewa yake dirishani. Octavian akaambiwa aingie chumba cha ndani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Naona mimi mmeniwekea chumba cha wakubwa."

Agnetha, mshauri wa kituo, msichana aliyemzidi kidogo tu umri Recheli, binti yake Octavian, hakucheka. Alifunga mlango, akaketi. Akaeleza polepole kwamba damu yote hupimwa magonjwa manne yanayoweza kumfikia mgonjwa kwa kuongezewa damu: virusi vya Ukimwi, kaswende, na homa za ini za aina mbili. Matatu hayakuonekana kwake. Moja lilionekana, homa ya ini aina ya B.

"Mimi?" Octavian akasema. "Mimi ni katibu wa parokia."

"Virusi havisomi vyeo, baba."

"Sijawahi kutoka nje ya ndoa yangu. Naapa mbele ya Mungu."

"Sijakuuliza hilo. Watu wengi huupata wakiwa wadogo, wengine siku ya kuzaliwa, wengine kwa wembe mmoja kupita kwa watu wengi. Ulichanjwa chale utotoni?"

Octavian akaona uani kwa bibi yake, Bukene, mwaka wa surua: wajukuu kumi na wawili wamepanga mstari kifua wazi, mganga ana wembe mmoja, anaupangusa kwenye jani, anakuja kwa anayefuata. Yeye alikuwa wa tisa. Alikumbuka alivyojisifu kwamba hakulia.

"Hauko peke yako," Agnetha akasema. "Katika watu mia wanaotoa damu hapa, sikosi kuwaita watano au sita kwenye kiti hicho ulichokalia. Pengine zaidi. Walimu, mashehe, vijana, wote wamekaa hapo. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kupeana mikono wala kula sahani moja, na unaweza kuishi nao miaka mingi ukifuatiliwa. Utarudi tupime ini. Mama naye apimwe, na kama hana achanjwe."

"Mke wangu amepewa kadi sasa hivi."

"Basi achanjwe. Sindano tatu tu. Aje wiki hii, baba, usichelewe. Na watoto?"

"Mmoja. Alipata chanjo zote."

"Vizuri. Mama aje."

Dafrosa alikuwa akimsubiri kwenye benchi la nje, kadi mkononi. Akauliza, "Yako?"

"Bado hawajaichapa," Octavian akasema.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hata fupi ina hatua zake, na hiyo ilikuwa ya kwanza. Zilibaki siku kumi kabla ya Jumapili ya Kadi. Octavian aliona aibu akinawa uso asubuhi, aliona aibu akiziba pancha, na aliona aibu hasa pale baiskeli ilipoletwa na Koleta. Breki zilikuwa zimeisha. Alizitengeneza bila kuinua macho. Aliijua sasa ile sura ya benchi la mwisho. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, na yeye ndiye aliyeunoa. Kila siku alisema leo nitamwambia Mama Recheli habari ya chanjo, na kila siku aliona kwamba habari ya chanjo haitoki bila ile nyingine kuifuata nyuma.

Jumamosi mchana, Dafrosa akiwa anapepeta ulezi, alimwendea.

"Mama Recheli, kadi yangu imechelewa. Niazime yako. Kesho tu."

Dafrosa aliacha kupepeta. "Na mimi nitainua nini?"

"Wewe kaa tu. Watu wananitazama mimi, wewe hakuna atakayekuangalia."

Alimtazama mumewe muda mrefu, kama mtu anayesubiri sentensi imalizike. Haikumalizika. Akaingia ndani, akaitoa kadi kwenye kopo la sukari, akampa.

Jumapili ile watu hamsini na wanne walikwenda mbele na kuinua kadi, Octavian katikati yao, kidole gumba kimefunika jina. Kwaya iliimba, vigelegele vikapigwa. Hema lilikuwa limepokea watu hamsini na wanane. Yeye ndiye aliyeandika orodha. Akatazama mabenchi, akawahesabu waliobaki wamekaa, maana sasa alikuwa na macho ya kuhesabu. Wanne. Mmoja wao alikuwa Dafrosa, mikono mapajani, anatazama altare. Octavian alishika maikrofoni, na safari hii alikivumilia kimya. Lakini desturi ikishaanza haimsubiri aliyeianzisha. Valentino akasema kwa sauti ya mwalimu wa kwaya: "Na wenzetu, tuwaombee."

Octavian akaitikia amina pamoja na wengine.

Nje, watu walimpa mkono taratibu, kwa mikono miwili, kama wanavyofanya msibani. Hakuelewa mpaka Valentino alipomvuta kando.

"Pole, Katibu. Mungu akutie nguvu. Mwingine angeshamrudisha kwao."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Mtu yeyote mwenye chembe ya uanaume angesema. Mdomo ule uliowafagilisha watu uwanja, uliowaingiza watu hemani, ulifunguka na kutoa neno moja.

"Asante," akasema.

Wiki ile ndoo ya uji ilirudi ndani nusu. Wiki iliyofuata ilirudi robo tatu. Wasafiri wa asubuhi waliokuwa wakisimama kunywa wakaanza kuvuka barabara. Kwenye sala ya jumuiya, Dafrosa alipopitisha chai, vikombe vilipokelewa na kuwekwa chini vikiwa vimejaa. Na kadiri walivyomkwepa mke, ndivyo walivyomheshimu mume. Aliitwa mvumilivu. Mzee mmoja alimtaja kwa vijana waliokuwa wakifundishwa ndoa. Octavian alisikia sifa hizo, na kila moja ilimchoma, na hakuirudisha hata moja.

Dafrosa alikuwa na neno moja la kujitetea, nalo lingemvua mumewe nguo hadharani. Hakulisema. Alikuwa akimsubiri.

Aliyesema ni Mwanne, jirani yao, mwanamke wa Kiislamu asiye na breki mdomoni, aliyekuja na tairi lisilo na tatizo lolote.

"Baba Recheli, mimi si wa kanisa lenu, lakini pale bombani nasikia ya makanisa yote. Wanasema mkeo mgonjwa. Wanasema ya aibu. Leo nimenunua vikombe sita vya uji, mimi na wanangu, na mimi uji siupendi. Kama kuna neno la kusema, kaka yangu, liseme kabla sijavimba."

Kabla hajajibu, Koleta akatokea na kapu lake la mchicha. Alisimama mbele ya ndoo, mahali ambapo barabara nzima ilimwona, akaomba kikombe, akakinywa mpaka tone la mwisho, akaomba kingine.

"Mimi nilikaa peke yangu karibu mwaka mzima," akamwambia Dafrosa. "Wewe usikae peke yako. Na mwenzangu, hata damu sikutoa! Walinitoboa kidole wakasema damu yangu ni kidogo, niende nikale mboga za majani nirudi. Mboga! Mimi, muuza mboga!"

Wanawake wale watatu wakacheka. Octavian alikuwa hatua nne nyuma yao, tairi magotini. Tuwaombee, alikuwa amesema. Alitamani ardhi ipasuke, na ardhi ya Gongoni, ngumu kama ilivyo kiangazi, haikumsaidia.

Alhamisi alikwenda kituoni kupimwa ini. Agnetha aliandika alichoandika, kisha akauliza, "Mama amekuja kuchanjwa?"

"Bado."

"Ni wiki ya tano, baba." Octavian akatoka akiwa ameamua, na kwa mtu wa aina yake kuamua ni kutafuta maikrofoni.

Jumapili alisoma matangazo haraka haraka, mpaka watu wakashangaa. Kisha akatoa mfukoni ile kadi aliyokuwa hajairudisha, akaiinua.

"Kadi hii niliyoinua hapa si yangu. Ni ya Dafrosa, mke wangu. Damu yake ni safi. Yangu ndiyo iliyokataliwa. Nina homa ya ini, nimeipata kwa wembe, nikiwa mtoto. Nilimwacha mke wangu akae mahali pangu, mkanipa pole, nikaipokea. Na Koleta hakuwa na ugonjwa wowote, wala hata angekuwa nao haikutuhusu. Ile sala ya tuwaombee niliianzisha mimi. Naomba isisemwe tena. Na Jumapili ya Kadi imekufa, nimeiua mimi leo."

Mtu mmoja akapiga makofi, wakafuata kumi, likafuata kanisa zima. Octavian akasimama pale, machozi yanamtoka, kadi juu, na ndani kabisa ya aibu yake, kidogo tu, akajisikia vizuri. Akamtazama mkewe aje aichukue.

Dafrosa hakuinuka. Alikuwa kwenye benchi la mwisho, kando ya Koleta, na hakupiga makofi.

Walirudi nyumbani, Dafrosa ametangulia hatua kumi mbele. Walipofika barazani akageuka.

"Homa ya ini. Kumbe ndilo jina lake."

"Mama Recheli, nimesema yote. Umesikia walivyo—"

"Nimesikia. Nimesikia pamoja na Valentino, na watoto wa kipaimara, na yule mama anayeuza mishumaa. Kanisa zima limejua nilichokuwa nalala nacho, siku ile ile, saa ile ile na mimi. Wiki tano nimekusubiri hapa, Baba Recheli, kwenye baraza hili, hatua nne. Hatua nne zilikushinda, ukaona bora upande kule mbele upigiwe makofi."

Octavian alizidhani aibu zote za mwezi ule ndizo zenyewe, kumbe zilikuwa mazoezi tu.

Dafrosa akaichukua kadi mkononi mwake, akaifuta kwa kanga, akairudisha kwenye kopo la sukari.

"Kesho saa mbili utanipeleka nikachanjwe. Nitaingia mwenyewe. Wewe utakaa nje."

Akakaa nje. Dafrosa alikuja na ndoo yake ya uji ili auze njiani wakirudi, akaiacha miguuni pa mumewe, imefunikwa kwa kitambaa. Ikawa bahati au adhabu, Valentino akapita, akamwona, akaja na mkono ameunyoosha tangu mbali.

"Katibu! Jana umetutoa machozi. Huo ni ujasiri, kaka. Hongera."

Octavian akautazama ule mkono wa kuongozea kwaya. Akaibana mikono yake katikati ya magoti.

"Mkono huo usinipe mimi, Valentino. Msubiri Mama Recheli, yumo humo ndani anachomwa sindano kwa ajili yangu. Akitoka mpe yeye. Na uji upo hapa, bado wa moto, nikumiminie?"

Valentino akautazama mlango, akaitazama ndoo, akasema ana mazoezi ya kwaya. Saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Jumatatu. Akaenda.

Dafrosa akatoka ameshikilia pamba juu ya bega. "Nani yule?"

"Valentino."

"Alitaka nini?"

"Kunipa hongera."

"Ukaipokea?"

"Hapana."

Alimtazama kama alivyomtazama siku ile ya ulezi. Kisha akashusha mkono wa gauni.

"Mkono unaniuma," akasema. "Beba ndoo."

Octavian akakizungusha kitambaa kikawa kata ya mzigo, akaiweka ndoo kichwani, mbele ya watu wote wa kituo, mwanamume mzima, katibu wa parokia. Uji ulikuwa mzito kuliko alivyofikiria. Barabarani watu waligeuka kumtazama, wengine wakicheka, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno lolote la kuwaambia. Dafrosa alitangulia na vikombe, akiita wateja. Yeye akamfuata nyuma.